Kabla hujapeleka kirikuu yako kwa fundi wa kuchomelea, soma hapa

Leo somo ni la wale mnaouza vitu vikubwa mtandaoni: fenicha, magodoro, vioo, majiko, milango. Wauza pochi na pafyumu leo mnaweza kupumzika, boda inawatosha.

Mimi nauza fenicha ndogo na vioo. Mzigo mwingi nachukua Keko, wateja wangu wako Kibaha, Chanika, Kigamboni, Bunju, huko kote. Kwa miaka miwili nilikuwa nakodi kirikuu za watu. Madereva wengi ni watu wazuri tu, lakini gari imebeba mchanga asubuhi, mchana imebeba kuku, jioni inakuja kupakia dresingi tebo nyeupe. Mteja wa Kibaha hajui habari za mchanga wala kuku. Anachojua yeye amelipia kitu kipya na kimefika na mikwaruzo. Mwenye gari ameshalipwa na ameondoka, wewe ndo unarudisha hela, na picha ya mikwaruzo iko status watu wote wanaiona.

Sasa nina kirikuu yangu. Na nilipoipata tu, kila mtu alikuwa na ushauri. Weka rimu. Weka spika. Fundi mmoja wa Gerezani akaniambia, "Dogo, tukupigie keji nzito, chini tuweke chekapleti, hii gari utazeeka nayo." Nikamuuliza hiyo keji na hiyo chekapleti vitakuwa na kilo ngapi. Akacheka, akasema yeye ameanza kuchomelea mimi sijazaliwa na hajawahi kuulizwa hilo swali.

Hilo ndo swali la kwanza. Yote yatakayofuata hapa yanatoka humo.

GARI YENYEWE INABEBA NINI

Hizi Suzuki Carry, Hijet na ndugu zake zimetengenezwa kwa sheria ya Japani ya magari madogo. Sheria hiyo inasema gari lisizidi urefu wa mita 3.4, upana mita 1.48, kimo mita 2, na injini isizidi cc 660. Ndo maana zote zinafanana kama mapacha. Mzigo unaoruhusiwa kwenye bodi ni kilo 350. Basi. Sio tani moja, hata kama umewahi kuona mtu amejaza matofali hadi tairi zimelala.

Kilo 350 ni mifuko saba ya sementi. Au ni lita 350 za maji, maana lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tanki la lita 500 likijaa halifai kupanda humo kabisa. Na Wajapani kwenye hesabu yao wameweka watu wawili wa kilo 55 kila mmoja pale mbele. Mimi peke yangu nimeshazidi, na kijana wangu anakula vizuri. Kilo zetu zilizozidi natoa kwenye mzigo.

Bodi la kirikuu nyingi ni takribani mita 1.94 kwa urefu na 1.41 kwa upana, mbavu zina kimo cha sentimita 29 hivi. Pima la kwako mwenyewe kwa futi kamba, usichukue vipimo vyangu ukaenda navyo dukani.

Haya, sasa tupige hesabu ya yule fundi. Keji yake ya skwea paipu ya milimita 40 kwa 40, unene milimita 2. Hiyo paipu kila mita moja ina karibu kilo 2.3. Nguzo, fito za juu, fito za katikati, nilijumlisha ikaja mita 20 na kitu. Hapo ni kilo 47. Chekapleti ya milimita 3 kufunika sakafu yote ni zaidi ya kilo 64. Jumla kilo 111. Yaani kabla hujapakia hata stuli moja, umeshabeba mifuko miwili ya sementi ambayo hautaishusha maisha yako yote, unainunulia mafuta kila siku, na unabaki na kilo 239 za kuuza.

Mimi nimetumia skwea paipu ya 25 kwa 25, unene milimita 1.5. Hiyo ni kilo 1.1 tu kwa mita. Keji ileile inakuwa kilo 23. Chini nimeweka maraini bodi ya milimita 18, kilo 30 hivi. Jumla 53. Nimeokoa kilo 58, na kilo 58 kwangu ni dresingi tebo nzima pamoja na rafu ya viatu. Tuseme kila tripu ya mbali unapata nafasi ya kuongeza oda moja. Kwa mwezi wenye tripu 15, hizo ni oda 15 ambazo mwenzako mwenye chekapleti anarudi kuzifuata tripu ya pili.

Anayebeba mawe na vyuma chakavu, chekapleti ni halali yake. Sisi wa fenicha hatuhitaji.

SAKAFU: KARATASI MOJA YA MBAO INATOSHA

Wauzaji wa mbao watakwambia ununue mbili kwa sababu karatasi ina upana wa mita 1.22 na bodi ni 1.41. Usikubali haraka. Karatasi ina urefu wa mita 2.44. Ukikata mita 1.94, unabaki na kipande cha nusu mita kwa 1.22. Pengo lililobaki pembeni ni sentimita 19. Kile kipande kinakupa vibanzi viwili vya sentimita 19, kila kimoja na urefu wa 1.22, ukiviunga vinapita hata urefu wa bodi na kinabaki cha kutupa. Karatasi moja, kazi imeisha. Punguza milimita chache pande zote ili ikivimba kidogo isibanane na mbavu.

Kingo ulizokata zipake rangi ya mafuta mara mbili kabla ya kufunga. Maji hayaingilii juu, yanaingilia pale kwenye kingo, halafu mbao inaanza kufunguka kama daftari la zamani. Na usiigundishe moja kwa moja. Nimeifunga kwa bolti nne. Kila mwezi naitoa, naosha mchanga uliojikusanya chini, naiacha ikauke. Mchanga mbichi uliokaa chini ya mbao ndo unaokula bati la gari polepole na wewe huoni.

Hapohapo ukiwa umetoa mbao, lala chini uangalie chesisi. Baadhi ya hizi gari zimetoka sehemu za Japani zenye theluji, na kule wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Ukikuta kutu inamomonyoka ukiigusa na bisibisi, hiyo ndo kazi ya kwanza ya fundi, keji itasubiri.

Juu ya mbao nimetandika mpira mweusi mzito. Wengi wanadhani mpira ni wa kuzuia mikwaruzo. Kweli unazuia, lakini kazi yake kubwa ni nyingine, nitaieleza sasa hivi.

KUFUNGA MZIGO

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mwaka jana kijana mmoja wa mtaani kwetu, utingo, alipandishwa juu ya magodoro ili "ayashike yasiruke". Sio gari langu na simtaji mwenye nalo. Kwenye kona magodoro yalikwenda na yeye akaenda nayo. Alivunjika bega, amekaa nyumbani miezi mitatu, na mama yake anauza vitumbua. Tangu hapo nina sheria moja tu ambayo hata mteja alie vipi siivunji: kwenye gari langu mtu hakai nyuma. Kirikuu ina siti mbili. Kama mzigo unahitaji mtu wa kuushika, basi mzigo huo haujafungwa.

Sasa unafungwaje?

Ukifunga breki, gari linasimama, mzigo hautaki kusimama. Wenzetu wa Ulaya wana kiwango chao cha kufunga mizigo kinaitwa EN 12195. Kinasema mzigo ufungwe kiasi cha kuhimili kusukumwa kwenda mbele kwa nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwenda pembeni au nyuma. Kwa hiyo kabati la kilo 100 linataka kushikiliwa na nguvu ya kilo 80 kwa mbele. Hakuna utingo duniani mwenye mikono hiyo.

Turudi kwenye mpira. Kabati likikaa kwenye chuma laini chenye vumbi, msuguano pale chini unaweza kulishikilia kwa kilo 20 tu katika zile 80. Likikaa kwenye mpira usioteleza, kile kiwango kinakubali hadi asilimia 60. Kilo 60 umezipata bure, hujafunga hata kamba. Zilizobaki anamalizia ukuta wa mbele na mkanda. Ndo maana napiga kelele kuhusu kufagia: mpira wenye mchanga juu yake hausaidii kitu, mzigo unateleza juu ya mchanga kama uko kwenye gololi.

Ukuta wa mbele ni lile geti la chuma nyuma ya kioo cha kichwa. Wajapani wanaliita torii, jina lilelile la mageti ya kwenye maeneo yao ya ibada, kwa sababu yanafanana. Kitu kizito chochote kianzie hapo, kiegemee hapo. Ukiacha nafasi ya mita moja halafu ukafunga breki, kabati linapata mbio njiani na linafika pale kwa kishindo. Na usipange uzito mkiani. Hizi gari ni fupi. Ukiweka kilo 200 nyuma ya ekseli ya nyuma, mbele panakuwa pepesi, usukani unaanza kuelea, hasa ukipanda mlima.

Mikanda. Mimi natumia mikanda ya kukazia yenye mkono wa chuma unaosukuma kwenda na kurudi, ninayo sita. Mizuri ina kitambaa kidogo kimeshonewa chenye herufi LC na namba, mbele yake daN. daN moja chukulia ni kama kilo moja ya nguvu. Usioandikwa kitu, huo ni wa kufungia begi. Kamba za manila nazo sio mbaya, lakini zinalegea zikipata jua na mtikisiko, inabidi usimame mara kwa mara. Ile mipira ya kukatwa kwenye tyubu, tunayoiona kwa bodaboda, inavutika. Ikivutika mzigo umeshasogea. Mimi naitumia kubana turubai tu.

Jinsi mkanda unavyopita nayo ni muhimu. Mkanda unaoshuka wima kutoka juu ya mzigo unakandamiza kwa nguvu yake yote. Ukienda kuufunga mbali, ukalala hadi nyuzi 30 kutoka sakafuni, nusu ya nguvu ya kukandamiza imepotea. Kwa hiyo sehemu za kufungia ziwe nyingi na karibu, sio mbili tu kwenye kona.

Kirikuu inakuja na ndoano ndogo chini ya kingo za bodi kwa nje. Zile ni nzuri kwa turubai na mizigo miepesi. Kwa mzigo mzito nimeongeza pete sita za chuma sakafuni, tatu kila upande. Fundi alitaka kuzichomelea juu ya bati. Nikakataa, bati la bodi ni jembamba, pete itang'oka na kipande cha bati. Tumetoboa, bolti ya milimita 10 imepita hadi chini, na kule chini kuna kipande cha chuma cha sentimita 8 kwa 8, unene milimita 5, ndo nati ikakaza hapo. Nguvu inagawanyika. Ndani ya matundu tukapaka rangi ya kuzuia kutu, maana kila tundu ni mlango wa kutu.

Na tafadhali sana, kabla hajatoboa, mtu alale chini aangalie. Kuna tangi la mafuta, kuna paipu za breki, kuna nyaya. Kama lazima achomelee, atoe terminali ya betri kwanza, la sivyo umeme wa mashine unaweza kuunguza kontrol boksi ya injini. Na asichomelee karibu na tangi, hata akikwambia amefanya hivyo mara mia.

Ukishafunga, endesha kilomita chache, simama, kaza tena. Mzigo ukishatikisika unajipanga upya na mkanda unalegea. Mimi nasimama kwenye kituo cha kwanza cha mafuta, kila tripu, hata mteja awe anapiga simu kila dakika. "Mama, niko njiani, nakaza kioo chako." Hajawahi kukasirika mtu kwa jibu hilo.

VIOO

Hapa ndo hela yangu iliko, na hapa ndo watu wengi wanapata hasara.

Kioo hakilazwi. Kikilala, kila shimo la barabara linakipiga katikati, na uzito wake mwenyewe unakimaliza. Kioo kinasimama kwa ukingo wake, kikiegemea kitu kwa upana wote. Angalia magari ya wauza vioo wakubwa, yote yana fremu ya herufi A.

Yangu nimetengeneza kwa ileile skwea paipu ya 25. Ina urefu wa mita 1.7, kimo mita 1.1, na haijainama sana: kila mita moja ya kwenda juu inarudi ndani sentimita 8 hadi 10 tu. Chini ina kishikio kidogo kila upande cha kukalisha vioo. Paipu imekula mita 13, uzito kilo 14 na ushee. Sehemu zote ambazo kioo kinagusa nimevalisha mpira wa tyubu ya lori iliyokatwa, hapo sasa tyubu ina kazi yake. Inafungwa kwenye sakafu kwa bolti nne zenye nati za masikio, naifungua kwa vidole bila spana.

Fremu ina pande mbili, kwa hiyo pakia kwa kubadilishana, kimoja kushoto kimoja kulia. Kati ya kioo na kioo weka boksi la karatasi. Ukishusha pia shusha kwa kubadilishana.

Ukitaka kujua vioo vina kilo ngapi, hesabu ni rahisi: mita moja ya mraba, kwa kila milimita moja ya unene, ni kilo 2.5. Kioo cha milimita 4 chenye urefu wa mita 1.2 na upana wa sentimita 60 ni kilo 7 na kidogo. Ishirini vya namna hiyo ni kilo 144, bado uko salama.

Fremu hiyohiyo naitumia kwa magodoro. Godoro la sita kwa sita lina sentimita 183 kila upande, bodi lina 141. Ukililaza linatoka nje ya gari kila upande na bodaboda atajigonga nalo. Likisimama kwa urefu wa gari likaegemea fremu, ukingo mwembamba ndo unaangalia upepo. Mikanda miwili, na mwendo wa taratibu. Nguvu ya upepo haipandi sawa na mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, upepo unavuta mara nne.

KEJI YA KUTOA NA KUWEKA

Keji yangu haijachomelewa kwenye gari. Nimefunga soketi sita za skwea paipu ya 30 kwa 30, unene milimita 2. Ndani yake panabaki milimita 26, na paipu ya 25 inaingia humo na kutulia. Nguzo inazama, napiga pini, kazi imekwisha. Juu naweka fito, juu ya fito turubai. Soketi nimeziweka sakafuni kwa ndani ya bodi, sio kwenye mbavu, ili mbavu zote tatu ziendelee kufunguka. Ukichomelea keji kwenye mbavu umeua raha kubwa ya kirikuu, ambayo ni kupakia kutoka upande wowote kwenye vichochoro vyetu.

Turubai livutwe lisiwe na bonde juu. Likiwa na bonde maji yanakaa, na ndoo mbili za maji juu ya fito nyembamba ni kilo 40 ambazo hukuzipanga.

Springi na tairi kwa haraka. Fundi anaweza kukuongezea jani la springi nyuma na gari likasimama vizuri, lakini breki ni zilezile, ekseli ni ileile na chesisi ni ileile. Gari kutolala sio ruhusa ya kuzidisha. Tairi nunua za gari la mzigo, sio za saluni zenye saizi inayofanana, na upepo jaza kama ilivyoandikwa kwenye stika ya mlangoni.

MWISHO WA WIKI

Faida ya kila kitu kufunguka unaiona Jumamosi. Jumamosi asubuhi natoa fremu ya vioo na nguzo, naenda kwenye gulio. Ubavu mmoja wa bodi nimeuwekea minyororo miwili unasimama ulalo badala ya kuning'inia, nikapata meza ya mita 1.94 kwa sentimita 29. Hapo napanga vioo vidogo vya mkononi, mito, saa za ukutani. Vitu vyepesi tu, zile bawaba hazikutengenezwa kubebea mtu, na watoto watajaribu kukaa, wakatae. Turubai linabaki kwa upande mmoja kama kivuli. Jioni nawasha taa ya utepe ya wati 24. Kwenye betri ya volti 12 hiyo inakula ampea 2, nimeweka fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na betri. Fyuzi ikikaa mbali, waya wote ulioko kabla yake hauna ulinzi. Nauza na kutoa oda za vitu vikubwa hapohapo. Mtu akiona gari limepangwa vizuri anaamini na dresingi tebo yake itafika vizuri, sihitaji kumwambia.

Jumapili ni ya kwangu. Tuko wanne tunaopenda baiskeli, tunapanda hadi Kisarawe kwenye msitu wa Pugu Kazimzumbwi. Nina ubao wa mbili kwa nne wenye urefu wa upana wa bodi, nimeufunga vishikio vinne vya uma wa baiskeli. Tairi la mbele linatoka, uma unakaa pale, tairi la nyuma linafungwa kwenye pete. Mbili zinaangalia mbele na mbili nyuma ili usukani usigombane. Ubao huo una matundu yaleyale ya fremu ya vioo, bolti zilezile. Wawili tunakaa mbele, na wawili wanapanda daladala, tunakutana Kisarawe. Walinuna mwanzoni. Sasa wameshazoea, wanapokezana.

Jumapili hizo zimeniletea pia wateja, maana mmoja wa wale alianza kuniuliza kama naweza kumbebea mzigo wa duka lake kwa malipo. Hapa kuwa makini. Kubeba mali yako mwenyewe ni jambo moja, kubeba mizigo ya wengine kwa malipo ni biashara ya usafirishaji, ina leseni yake ya LATRA. Na bima pia zinatofautiana: kuna ya gari linalobeba mali ya mwenyewe, kuna ya gari la kukodisha. Kabla hujapokea hata oda moja ya namna hiyo, nenda kwa wakala wako na karatasi ya bima mkononi, muulize: mzigo wa mtu mwingine ukiwa humu na nikapata ajali, mnalipa au hamlipi? Akijibu kwa mdomo tu, mwombe aandike.